Lango la Maji la Dada

Dada yangu alipotoka hospitali baada ya kupasuliwa kichwa, alitukumbuka sote kwa majina, alikumbuka dua zake, hata nyimbo za harusi. Kilichopotea hatukukijua mpaka alasiri ile aliponiomba nimfungulie kompyuta.

Alikuwa mwalimu wa hesabu. Kabla ya maradhi, jioni zake zote ziliishia kwenye mchezo wa kompyuta wa kujenga dunia kwa vitofali. Humo alikuwa na shamba la ngano linalojivuna lenyewe. Juu yake kuna bwawa lenye lango. Lango likifunguka, maji hushuka, hung'oa ngano na kuisukuma hadi ghalani. Kanuni yake nilikuwa naijua kwa moyo, kwani alikuwa akiniimbia: "Kama ghala lina nafasi, na ngano imeiva, fungua. La sivyo, funga." Kimoja kikikosekana, lango halitikisiki.

Tuliketi barazani kwetu Kibarani. Alitaka kunionyesha vile lango linavyoamua. Akabandua kitofali pale zilipokutana nyaya mbili za kuliarifu lango, wa ghala na wa ngano, akakitazama. Akakitazama mno.

"Mdogo wangu, hiki kilikuwa kimekaaje?"

Sikujua. Nikazivuta nyaya zote mbili moja kwa moja hadi langoni. Papo hapo lango likafunguka. Ghala lilikuwa na nafasi, na kwa nilivyounganisha mimi, hilo peke yake lilitosha. Maji yakashuka yakazoa miche michanga yote.

"Umeweka 'au'," akasema. "Hapo pataka 'na'."

"Haya, niambie, hiyo 'na' hujengwaje?"

Akafumba macho. Midomo ikamcheza. "Nilikuwa najua," akasema.

Tukapanda upya. Nikageuza kitofali huku na huku, nikakitia pembeni, nikakitia katikati. Kila mara maji yalikuja. Mama akatoka na chai ya tangawizi, akatukuta tumeinama.

"Zima hilo dude, mwanangu. Wamchosha mgonjwa."

Dada hakumsikia. "Hivi ni mimi niliyejenga haya?"

"Ni wewe, dada."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

Akajifuta macho kwa pindo la leso. Mama akaiweka chai chini, akarudi ndani. Mimi sikuwa na la kufanya ila kuliziba lango kwa mawe, maji yasishuke tena.

Daktari alisema huenda kumbukumbu zikarudi, huenda zisirudi, tuvute subira. Mpaka leo lango limezibwa. Akipata nguvu, dada huniita nikae karibu naye, akavuna ngano yake kwa mkono, shina baada ya shina. Rangi za kwenye kioo cha kompyuta humchanganya, basi huniuliza kabla ya kukata.

"Hii je, imeiva?"

"Bado, dada."

"Na hii?"