Aliyekula Kuta za Nasambu

Mama yangu, Jeruto, hapendi nisimulie habari hii. Kila nikianza, hukumbuka kazi jikoni. Basi sasa yuko jikoni, na nafasi ndiyo hii.

Nasambu alikuwa mke wa mjomba wangu Kipyego, lakini kabla ya kuwa mke wa mtu hapa kwetu alikuwa fundi wa kukandika nyumba. Alitoka kwa Wabukusu, upande wa Kimilili, baada ya mumewe wa kwanza kufariki. Alimfuata kaka yake Wanyonyi, aliyepasua mbao Eldoret, mji ambao wazee wetu wakati huo waliuita Sisibo. Ilikuwa miaka michache baada ya nzige, na mashamba ya Makaburu yalikuwa yamejaa vibarua kutoka magharibi wakijengewa safu za nyumba za udongo. Nyumba ya udongo bila fundi ni ghala la panya. Nasambu akapata kazi.

Hakuchota udongo ovyo. Alivunja kichuguu, akachukua udongo kidogo, akauweka kwenye ulimi, akatafuna, akatema. Ukimpendeza, alichanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, akakanda kwa miguu, akakandika kwa kiganja. Ukuta wake ulikuwa laini hata watoto waliegemeza mashavu. Ukimwambia una mkunjo mahali, alikutazama mpaka wewe mwenyewe unaona mkunjo haupo. Alikuwa na mdomo, Nasambu, na hakuuficha.

Mjomba Kipyego alikuwa mjane pia, mkubwa wa wakamaji katika shamba la Kaburu mmoja upande wa Kesses. Vibarua walimwita huyo Kaburu Bwana Masharubu, kwa sababu utakazoelewa. Mjomba alimwita Nasambu kukandika nyumba yake. Mwezi haujaisha akamwita tena, eti ukuta umechoka. Mara ya tatu Nasambu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kipyego, hii ukuta iko sawa kuliko wewe. Sema kile unataka."

Mjomba akasema. Huyo mtu aliyeweza kumtuliza fahali kwa mluzi alisema akiangalia ndoo. Nasambu akakubali, ila akataka mambo yafanywe wazi, mbele ya jamaa zote mbili na mbele ya kanisa, maana hakutaka kuingia nyumba ya watu kama paka.

Hapo ndipo kitu kilipoanza kutembea.

Asubuhi moja kondoo wawili wa Bwana Masharubu walikutwa wameuawa. Asubuhi nyingine ukuta wa nyumba ya kibarua ulikutwa umekwaruzwa kwa nje, kuanzia chini mpaka kimo cha kiuno, udongo umetolewa vipande vizima. Ikafuata nyumba nyingine, na nyingine. Chini palikuwa na nyayo pana ambazo kila mtu alizifasiri kwa namna yake. Kwa muda watu walisema tu "kile kitu", na kwa jina hilo walilala usingizi wao.

Aliyeharibu mambo ni Bwana Masharubu, naye hakukusudia. Mama yangu alikuwa yaya wa mtoto wake. Mtoto alikuwa akikataa uji, na mama alimtisha kwa chemosit, zimwi la hadithi za kwetu Wanandi, lenye mguu mmoja na mdomo mwekundu unaong'aa kama taa, linalokula watoto wasiosikia. Mtoto alikula uji, kisha akaenda kumsimulia baba yake. Bwana Masharubu aliunganisha zimwi la uji na kondoo wake waliokufa, akatoka uani na bunduki.

"Hii ni chemosit! Mimi napiga yeye!"

Watu wakashtuka. Kumbe ipo! Mzungu mwenye bunduki ameitaja kwa jina, na wazungu hawatishiwi kwa uji. Mama yangu ndiye aliyeogopa kuliko wote. Alikimbilia nyumbani akafunga mlango, asikumbuke kwamba habari yenyewe ilitoka kwenye kijiko chake.

Chemosit wa hadithi hana bwana. Hutembea peke yake, hatumwi na mtu. Lakini vibarua Wabukusu walikuwa na hofu zao walizokuja nazo: kwao kitu cha usiku lazima kiwe kimetumwa. Wanandi wakatoa jina, Wabukusu wakatoa mwenye kutuma, na kwa pamoja wakapata kitu ambacho hakuna bibi wa upande wowote aliyewahi kukisimulia. Kilichobaki ni kumtafuta huyo mwenye kutuma.

Hawakutafuta mbali. Nyumba zote zilizokwaruzwa zilikuwa zimekandikwa na Nasambu. Iliyokandikwa na mkono mwingine haikuguswa. Mama yangu alikuwa wa kwanza kulisema kwa sauti, na alilisema kisimani, mahali ambapo neno halihitaji kusukumwa.

"Huyo mwanamke, sisi tunajua alitoka wapi? Bwana yake wa kwanza alikufa na nini?"

Naliandika hapa kwa sababu alilisema, na kwa sababu lilimuumiza Nasambu kuliko jingine lolote. Mumewe alikufa kwa homa, naye alimuuguza mpaka mwisho. Watu wakaacha kumwita kazini. Waliomsalimu walimsalimu wakiwa mbali. Wajomba wa Kipyego wakatuma neno kwamba kikao cha posa kitakaliwa kama kilivyopangwa, ila watakachojadili kwanza ni kile kitu. Kama ni chemosit wa kutumwa, hakuna harusi, na Nasambu arudi kwao. Mjomba Kipyego alisema atamwoa hata hivyo. Nasambu akakataa.

"Mimi siolewi na mtu mama yake ananiogopa," akamwambia. "Nitamwekea chakula, aite mbwa aonje kwanza?"

Asubuhi ya kikao alipita kanisani, kijumba cha udongo alichokikandika siku chache nyuma bila malipo. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeliwa. Alisimama akaangalia, akasikia hasira mpaka masikioni. Halafu akaona, hatua chache kutoka ukutani, kitu alichokifahamu kuliko kitabu chochote: mavi. Mengi, na bado mabichi. Mtu mwingine angeziba pua. Yeye alichutama, akachukua kijiti, akachambua. Kisha akaenda kuazima ungo.

Kikao kilikaliwa uani kwa nyanya yangu, mama yake Kipyego, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani bibi. Wazee walikuwa kwenye viti, akina mama kwenye ngozi, mama yangu karibu na mlango, tumbo likiwa kubwa, nami ndani yake. Wanyonyi alikuwa amekaa peke yake upande wa bibi harusi, ndani ya koti la kuazima. Nasambu hakutakiwa kuwepo. Alitokea akiwa na ungo kichwani, umefunikwa kitambaa safi. Akina mama wakadhani ameleta wimbi, na mmoja akapiga kigelegele. Kingine kikaitikia.

Nasambu akatua ungo katikati, akafunua.

Kigelegele kilikatika. Wanyonyi alifunika uso kwa kola ya koti. Aliniambia mwenyewe, akiwa mzee, kwamba aliomba ardhi ipasuke.

"Samahanini wazazi," Nasambu akasema. "Nimesikia leo mnauliza kama hiyo kitu ni mnyama ama ni zimwi. Mimi sijui hadithi zenu. Nauliza tu. Chemosit yenu inaendanga choo?"

Mzee Kiprotich, mjomba wa Kipyego aliyewinda msituni ujana wake wote, akavuta kiti karibu. Alikuwa ndiye mkali zaidi juu ya harusi hiyo, na Nasambu alimpa yeye kijiti. Mzee akachambua kwa muda mrefu, watu wakinyoosha shingo. Manyoya ya kondoo. Vichwa vya mchwa, vingi mno. Na udongo mwekundu, mabonge kwa mabonge.

"Hii ni ukuta," akasema.

"Ni ukuta yangu," Nasambu akasema. "Ya kanisa. Mimi naweka udongo ya kichuguu, wengine wanatoa ya mtoni. Inafuata kichuguu. Hainifuati mimi."

"Ni fisi?" mtu akauliza.

"Fisi nimeua," Mzee Kiprotich akasema. "Mavi yake ni meupe, na nyayo si hizi. Chui haiwezi kula ukuta. Hii iko na miguu nne, nimefuata mwenyewe mpaka mtoni. Chemosit iko na moja."

"Sasa ni nini, Mzee?"

Mzee alikifuta kijiti kwenye nyasi. Mjomba Kipyego alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Sijui," Mzee akasema. "Ni mnyama, lakini mimi simjui. Huko msituni kuna mingi sijaona."

Nampenda Mzee Kiprotich kwa neno hilo mpaka leo. Ingekuwa rahisi kwake kukipa kile kitu jina lolote, na wote wangeitikia. Watu wengi wakikutana na wasichokijua hawakai nacho hata dakika moja, hukivisha pembe. Yeye alikiacha kama kilivyokuwa, mnyama mwenye tumbo na njaa ambaye hajawahi kukutana naye, na uani kote ukasikia watu wakishusha pumzi.

Ila bado kulikuwa na swali, na mama yangu ndiye aliyelishikilia. "Mnyama gani wa kula kondoo anakula tena udongo?"

Hapo Kogo, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Iko na mimba," akasema. "Kitu inakula udongo ya kichuguu hivyo, ni mama. Nyinyi wanaume hamjui. Nani hapa alizaa bila kula udongo?" Akawapitia akina mama mmoja mmoja kwa macho, nao wakaanza kuficha nyuso kwenye mashuka. Macho yakafika mlangoni. "Na wewe, Jeruto? Udongo yako unatoa wapi?"

Mama akasema hali udongo.

"Jeruto."

"Kidogo tu."

"Wapi?"

Mama alitazama chini. Nyumba yetu pia ilikandikwa na Nasambu, kabla ya maneno kuanza. Nyuma ya mlango, palipofichwa na kikapu, palikuwa na shimo la kuingia ngumi, na halikuchimbwa na mnyama.

"Ya ukuta," akasema. "Ya Nasambu. Nilijaribu ya wengine, haina utamu."

Sijui nani alicheka kwanza. Wanyonyi anasema ni Mzee Kiprotich, Mzee alisema ni Wanyonyi. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akainuka kwa shida na tumbo lake, akaenda mpaka mbele ya Nasambu, akamwambia kwamba neno alilosema kisimani kuhusu marehemu mumewe alilisema kwa woga, na kwamba anaomba alifute. Nasambu alimwangalia kwa macho yale ya mtu aliyeambiwa ukuta wake una mkunjo. Kisha akamwambia akae chini, mtoto asichoke.

Yule mnyama hakuonekana. Bwana Masharubu alilinda zizi mpaka mvua zilipokuja, kisha akachoka, na mkwaruzo wa kanisani ukawa wa mwisho. Labda mnyama alikwenda kuzaa. Sisi tunapenda kusema hivyo.

Siku ile uani, wazee walirudi kwenye mambo ya posa, na ng'ombe wakatajwa, na kibuyu cha maziwa kikazunguka. Nasambu aliuchukua ungo wake aondoke, kwa kuwa bado hakutakiwa kuwepo. Kogo akamshika mkono.

"Hiyo kitambaa iache, tutaosha," akasema. "Na kesho ukuje, unikandikie nyumba. Mimi nataka ukuta ya mkono ya mtoto wangu."

Nasambu, ambaye kisima kizima hakikuweza kumtoa chozi, alikaa chini palepale kwenye ngozi, katikati ya akina mama, akalia.