Mama Vifungo na Bili ya Mstari Mmoja

Mafundi wenzake walimwita Mama Vifungo kwa utani, na utani wenyewe ulikuwa na sababu. Ukimpelekea kitambaa akushonee gauni, hakutajii bei hivihivi. Anakuandikia kwenye karatasi: uzi, zipu, bitana, vifungo sita, ufundi. Kikibaki kifungo kimoja, anakifunga kwenye kijikaratasi na kukurudishia. Wateja walimcheka, lakini hawakumhama.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyesimama kwenye dirisha la malipo hospitalini, siku mumewe aliporuhusiwa kurudi nyumbani baada ya kupasuliwa ngiri. Karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimsukumia karatasi yenye mstari mmoja tu: Matibabu, jumla. Mama Vifungo aliitazama ile tarakimu, akageuza karatasi nyuma labda kuna maelezo, akairudisha mbele. Fedha zote alizobeba mkobani zilikuwa nusu yake, na kitu pekee alichobaki nacho cha kuuza ni cherehani yake. Jirani aliyeitamani alikuwa anasubiri simu tu.

"Dada," alisema akijikaza, "hii ni ya mume wangu au ya wodi nzima?"

"Ni ya kwake, mama. Ukilipa nakupa karatasi ya kutokea getini."

"Nichanganulie basi. Kimoja kimoja."

Karani alivua miwani. "Kimoja kimoja? Mbona watu hawaulizi?"

"Mimi nauliza."

Mashine ikanguruma, ikatoa kurasa tatu. Mama Vifungo alizisoma akifuata kwa kidole, kama anavyokagua mshono. Chumba cha upasuaji, sawa. Dawa ya usingizi, sawa, maana hakuna anayekatwa macho makavu. Glovu, jozi arobaini. Arobaini! Ngiri moja ilishikwa na mikono mingapi? Halafu kidole kikasimama. Shuka, usiku sita.

Hapo ndipo alipopigwa na butwaa. Mashuka ya hospitali ile aliyashona yeye mwenyewe mwaka uliopita, na bei ya kulalia shuka moja usiku mmoja ilizidi ujira aliopewa kwa kushona matatu. Hilo lilimuuma, lakini silo lililomfanya apaze sauti.

"Hajalalia shuka lenu hata usiku mmoja! Muuguzi alituambia mashuka yote yako kwa dobi, tulete la nyumbani. Lile la maua kitandani pale ni langu, nenda kaangalie pindo!"

Mumewe alikuwa ameegemea ukuta, kashika tumbo. "Mke wangu, lipa twende. Ukizidi kuuliza watanifumua nyuzi wanirudishie ngiri yangu."

Karani hakucheka. Alikwenda wodini kweli, akarudi, akampigia mhasibu. Shuka likafutwa. Glovu zikabaki jozi sita. Ikafutwa na picha ya kifua ambayo mgonjwa hakupigwa. Kila kalamu ilipopita, badala ya kufurahi, Mama Vifungo alizidi kuogopa. Kumbe asingeuliza angelipa vyote hivi? Jumla mpya ilifika nusu ya ile ya kwanza. Akamwaga vilivyokuwa mkobani, akapewa karatasi ya getini, na cherehani ikabaki yake.

Nyumbani alimlaza mumewe, akaingia chumba cha kushonea. Kando ya cherehani, sakafuni, zilikuwepo bado alama nne za miguu ya cherehani ya pili. Aliiuza miaka miwili iliyopita ili kulipa bili ya mama yake katika hospitali hiyohiyo. Siku ile alikuwa analia, akatoa fedha bila kuuliza neno. Yeye, anayewahesabia watu vifungo! Akakaa chini palepale kwenye zile alama. Kisha akavuta kopo la risiti, akachambua mpaka akaipata. Mstari mmoja. Matibabu, jumla.

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza dirishani. Aliikunjua ile karatasi iliyochakaa, akaipitisha chini ya kioo.

Karani aliitazama. "Mgonjwa huyu yuko wodi gani, mama?"

"Ni mama yangu, dada. Alishafariki," alisema Mama Vifungo. "Lakini nililipa yote. Nichanganulie na hii."