Miaka Sita Niliyoificha Kwenye Wasifu

Mwanangu, weka kwanza hiyo karatasi yako ya kuombea kazi hapo mkekani, unisikilize. Nimeiona ina mahali patupu, na mahali patupu mimi napajua.

Nakumbuka siku moja kiwanda cha kamba kilipopata mwenyewe mpya. Kilikuwa kimefungwa tangu miaka ile ya foleni za sukari. Sasa biashara imefunguliwa kwa watu binafsi, na getini pakabandikwa tangazo: anatakiwa fundi mitambo mmoja, alete wasifu wake. Sisi wa mtaa wa Makorora tulilitazama kama mtego. Tajiri anataka kuyajua maisha yetu yote ya nini?

Nami nilikuwa na langu. Miaka sita kiwanda kilipolala, nilikuwa nikiyeyusha shaba chakavu uani kwangu na kuchonga vipuri vya mashine za kusaga, maana vya dukani havikuwepo. Leseni sikuwa nayo. Mgambo akipita, mke wangu huanika kanga mbele ya tanuru. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi nikaandika shule niliyosoma, kazi yangu ya zamani, kisha kimya.

Mhandisi aliyenihoji, mzee mmoja wa Kibondei, aliisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Miaka sita hii ulikuwa wapi, bwana?"

"Nilikuwepo tu, mzee."

"Ulikuwepo jela?"

"La hasha!"

"Basi wapi?"

Niliiona kalamu yake imekaa tayari kuandika. Nikaaga. Akafunga faili.

Siku ya tatu mlinzi akaja kuniita. Nikajua ni ile leseni. Nilimkuta mzee ameshika karatasi ya Hamisi, jirani yangu niliyemfundisha kazi kwenye ua ule ule. Hamisi alikuwa ameandika bila haya: "Nimechonga vipuri kwa shaba chakavu, Makorora. Wa kunithibitisha ni fundi Athumani, aliyenifundisha."

"Athumani ndiye wewe?"

"Ndiye."

"Anasema kweli huyu?"

Nikikana, Hamisi anakosa kazi. Nikikubali, nimejitaja mwenyewe. Nikasema, "Kweli tupu, mzee."

Akavua miwani. "Mitambo yangu haina vipuri. Mwanafunzi kaniletea kazi, mwalimu kaniletea kimya! Mimi nilikudhani mwizi. Karatasi ikinyamaza, Athumani, msomaji huisemea, na huisemea mabaya."

Nafasi ilikuwa moja. Akapewa Hamisi. Kila asubuhi alipita na ovaroli yake mpya, "Shikamoo, fundi," nami nikiitikia marahaba huku nikichochea tanuru.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Kazi uliyoifanya kwa mikono yako iandike, hata kama ilikuwa ya uani: ulifanya nini, wapi, kwa muda gani, na nani aliiona. Huyo shahidi mwombe ruhusa kwanza, asije akashtuliwa kama nilivyoshtuliwa mimi. Lakini usijirefushe. Ukibeba ndoo usijiite msimamizi, kwani anayekuhoji ana pua ya kunusa uongo. Na mchapaji yeyote anayekuuzia wasifu uliokwisha kuandikwa, mwogope. Huo huo kawauzia wenzako kumi.

Mwenyezi Mungu akufungulie mlango wa riziki ya halali, na akukutanishe na msomaji mwenye subira. Haya, chukua kalamu. Anzia hapo palipo patupu.