Bisi Nyeusi ya Mulekera

Mwaka 1971, nikiwa na miaka minane, taabu ilinikuta. Baba alikufa kwa ugonjwa wa tumbo katika milima ya Lubero, na mama akamfuata kabla maharagwe hayajavunwa. Nikabaki mikononi mwa dada yangu Masika, kifungua mimba wa mama, ambaye naye alikuwa na miaka kumi na minne tu. Masika alibeba vitunguu mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, akashuka navyo mpaka soko la Butembo, na jioni tukala. Shule niliiacha darasa la pili. Kusoma nilijifunza katika Biblia. Kuchomea vyuma nilijifunza kwa kukaa pembeni ya mafundi mpaka macho yakavimba. Hakuna aliyenishika mkono.

Leo watu wa Butembo wananijua kwa bisi. Bisi ya abiria ikizeeka, injini ikafa, mwenyewe akaitupa nyuma ya nyumba mpaka majani yakaota ndani, mimi naichukua. Naivuta hadi kiwanjani kwangu, naondoa viti, naikata, naichomea upya. Moja ni duka la misumari, moja ni saluni ya kusuka nywele, moja mchungaji aliifanya bureau, ofisi yake, na nyingine watu wanalalamo ndani kabisa, na batoto wao. Kumi na moja kwa jumla. Wale walionicheka mwanzoni ndio waliokuja kuuliza baadaye.

Ile ya kumi na moja niliitengeneza kwa ajili ya Masika. Alikuwa amekimbia vita kijijini kwake upande wa Kamango, akaacha shamba na mbuzi, akafika Mulekera, pale Beni, na sufuria moja. Mkristo mmoja akampa kipande cha kiwanja, naye Masika akatundika shitingi, turubai la plastiki. Nikasema, dada aliyenilisha hawezi kulala chini ya shitingi wakati mimi niko na mikono. Nilitumika kazi miezi mitatu. Madirisha niliyaziba kwa chuma, nikaacha mawili madogo ya kioo, maana baridi ni adui. Paa nililipaka rangi nyeusi ili livute jua. Ndani nilichomea kitanda kwa kipimo cha mwili wake, kwa sababu goti lake moja halikunji vizuri. Siku ya kuipakia kwenye kamio, lori kubwa, nilikuwa na homa, donc basi ikashuka Beni bila mimi. Kwa simu Masika akaniambia, aksanti, iko muzuri. Nikajivuna mbele ya kanisa zima.

Miezi minne ikapita. Siku ya Mungu, Jumapili, mbele ya kanisa, mama mmoja wa kwaya aliyetoka Beni akaniambia kwamba dada yangu anajaza kakao ndani ya bisi, na yeye mwenyewe analala katika kijumba cha udongo. Alisema huku anacheka. Chakula cha mchana kikanishinda. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena, mpaka mke wangu akaniuliza kama nataka kuchimba sakafu kwa miguu. Nikampigia Kasereka, dereva mwenye kamio. Nilikuwa na neno moja tu moyoni: kwenda kuichukua bisi yangu.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka Butembo. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na nilivaa koti langu zito la kazi. Nyuma tulikuwa tumepakia viazi vya mtu, ili kamio isishuke tupu. Kasereka ni kijana wa kuongea, na mimi siku hiyo sikutaka maneno.

Akaniuliza, "Papa, zawadi inarudiaka kwa mwenye aliitoa?"

"Angalia njia," nikamwambia.

Kwenye mteremko wa Kabasha njia ilikuwa mbaya kwa mvua. Kila mara Kasereka alipokanyaga breki, mimi pia nilikanyaga, na kwangu hakuna breki. Pikipiki, zile moto za taxi, zilitupita na watu watatu watatu juu, wengine na kuku. Nilihesabu kona. Nilipanga maneno ya kumwambia Masika, nikayapanga upya, kila mara yakizidi ukali.

Saa mbili na nusu tukafika kwenye bariere, kizuizi cha barabarani. Mwanajeshi mmoja, kijana wa macho mekundu, akazunguka kamio mara mbili.

"Vieux, muzee, munashuka kubeba nini?"

"Nyumba."

"Banabebaka nyumba?"

"Hii inabebeka. Ni bisi. Ni ya dada yangu."

"Na yeye atalala wapi?"

Nikamwambia karatasi za kamio ziko sawa, asome. Akasoma muda mrefu, halafu akashusha kamba.

Tulipofika Maboya nilivua koti. Mbele kidogo nikafungua vifungo vya shati. Ndivyo mtu anavyofanya kila akishuka Beni, wala hawazi lolote. Beni naijua tangu ujana wangu. Ngozi yangu ilijua joto lake vizuri sana. Mikono yangu ndiyo haikujua, lakini hilo sikulielewa mpaka saa saba mchana.

Kabla ya adhuhuri tukashusha viazi sokoni Beni, kisha tukaingia Mulekera. Bisi yangu niliiona kwa mbali, nyeusi, imekaa juu ya mawe kama askofu kati ya vijumba. Mlango ulikuwa wazi, na vifuniko viwili vya hewa ambavyo bisi ilizaliwa navyo juu ya paa vilikuwa vimesimama wazi. Harufu kali ilitoka, kama ndizi iliyochacha. Nikachungulia. Mikeka ilijaa sakafu nzima na kakao juu yake. Kwenye kitanda nilichokipima kwa mwili wa dada yangu, kakao pia ilikuwa imelala.

Masika akatoka katika kijumba cha udongo, anachechemea, anafuta mikono. Amekonda, mais sauti bado ni ileile. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani zote, mmoja mmoja, kama inavyopasa. Kisha akaitazama kamio.

"Hii ulikuya nayo ya kunibeba miye, ao ya kubeba bisi?"

Nikamuuliza, kwa heshima ya dada mkubwa, "Yaya, unalala wapi?"

"Umo mu nyumba yangu."

"Nyumba yako ni hii. Nilikupatia nyumba, weye unatiamo kakao. Butembo banacheka miye."

Kasereka alijifanya anakagua tairi. Masika hakupandisha sauti. Aliingia ndani ya bisi, akasukuma mkeka mmoja pembeni, akaweka kigoda, akatoka.

"Ingia. Ikala mule mpaka bugali ikuwe tayari."

Nikaingia kwa kiburi. Masika akashusha vifuniko vya paa kwa fimbo, akafunga mlango nyuma yangu, jinsi mtu anavyofunga nyumba yake akitaka kulala. Nikakaa.

Mwanzoni nilitazama kazi yangu. Kila kiungo kilikuwa kimenyooka, hakuna pengo hata la wembe. Nilifurahi. Baada ya muda mfupi jasho likaanza kunidondoka kwenye pua. Nikashika ukuta ili nisimame kidogo, nikauachia upesi, umenichoma. Nikatafuta upepo kwenye dirisha dogo, nikakumbuka kwamba nililichomea lisifunguke. Hewa ilikuwa nzito kama uji. Niliitazama ile rangi nyeusi kwa ndani, mahali ilipopenya kwenye matundu ya misumari ya zamani, nikaanza kuelewa. Butembo, jua ni mgeni anayepita, unamtegea. Beni jua ni mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimemfungia dada yangu pamoja naye.

Nilikaa hata hivyo. Mimi si mtu wa kutoka nikikimbia. Masika naye si mtu wa kuita. Nilipotoka, shati limeshikamana na mwili, bugali na sombe, majani ya muhogo, vilikuwa mezani vimeanza kupoa, na Kasereka alikuwa anakula.

Masika akanipa maji. Nilipomaliza kikombe cha pili, akasema, "Sikukatala nyumba yako. Nililalamo siku ine. Ya tano bajirani banikuta nimeanguka ku mulango."

"Ju ya nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mudogo wangu anatumika miezi tatu, ananitumia nyumba ku kamio, Mulekera muzima inatoka kuangalia. Halafu njo nimuambie iko furu ya mikate?"

Furu ndiyo jiko la kuokea mikate. Kasereka alikohoa, akasema sombe imempalia. Hakupaliwa.

Saa tisa wanawake watano wakafika na magunia ya kakao mbichi, yanadondosha maji. Masika akanieleza: mashamba yao yako mbali, upande ambao mtu hathubutu kukaa siku mbili. Wanaenda asubuhi, wanavuna haraka, wanarudi. Zamani walikaushia kulekule shambani kwenye jua. Sasa wanakaushia mjini, na mjini mvua ya kila alasiri inaiozesha. Ndani ya bisi, kwa joto lile na vifuniko vikiwa wazi, inakauka bila kuota ukungu. Wanawake hawa hawana kingine.

Waliiona kamio, wakasimama na magunia mgongoni. Wakatazama kamio, wakatazama bisi. Mkubwa wao, Mama Kahindo, mjane aliyekimbia pamoja na Masika, alitua gunia, akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Njo weye ule fundi? Papa, Mungu akubariki. Ulijuaje kama kakao inapenda paa nyeusi?"

Nikamtazama Masika. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, mbele ya wanawake watano na dereva. Aliinama akafungua gunia.

Nilitikisa kichwa kukubali, kama mtu mwenye akili nyingi. Hapa ndipo ninapoandika ukweli: sikujua kitu.

Jioni, kabla giza halijaingia, nilimwomba Masika apande kamio twende Butembo. Nilimwambia nyumba yangu ina chumba, mke wangu amekubali, na kule hakuna mtu anayelala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Kwa kweli ndilo jambo lililokuwa linanikosesha kukaa miezi yote ile, kuliko bisi, kuliko kicheko cha watu. Nilitaka kumtoa pale.

Akasema, "Kwako nitakuwa mugeni wa bibi yako. Nitaikala ku kiti, banipe chai. Hapa, asubuhi bananibishia hodi, banasema mama wa kakao, fungua." Akaitazama kamio. "Nikisikia mubaya, nitakimbia. Ninajua kukimbia. Mais usinikimbize weye."

Sikulala vizuri.

Jumanne asubuhi nilimwambia Kasereka aende akatafute ndizi na mafuta ya mawese ya kupakia, maana bisi haipandi tena Butembo. Alitaka kusema neno, nikamwonyesha kidole. Kisha nikaenda kwenye ateliye moja ya mafundi wa vyuma, pale Mulekera, nikaomba mashine ya kuchomea. Fundi wa pale aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia aende aangalie ile bisi nyeusi halafu arudi aniulize tena. Hakurudi kuniuliza, alinisaidia kubeba mashine.

Nilianza na kitanda. Nilikuwa nimekichomea kisitingishike hata miaka hamsini, donc kukikata kulichukua asubuhi nzima. Masika alisimama mlangoni akitazama cheche. Kipande cha mwisho kilipoanguka, akasema, "Kilikuwa kizuri, unajua." Nikamwambia najua.

Kwa vyuma vile vya kitanda, na vingine vya viti vya zamani nilivyokuwa nimeviacha chini ya sakafu, nilitengeneza ngazi tatu za rafu kila upande, za kutandazia mikeka, ili kakao ikauke juu, kati na chini. Ya juu niliishusha hadi kifua cha Masika, asinyooshe mikono. Madirisha mawili niliyafungua. Juu ya paa nilipaka tena nyeusi mahali mvua ilipoibandua. Mama Kahindo alileta chai. Safari hii nilimwambia: rangi nyeusi nilipaka kwa ujinga, nilidhani natengeneza nyumba ya mahali pa baridi. Alicheka mpaka akakaa chini, na Masika akacheka naye, na nikawaacha wacheke.

Jumatano, saa moja asubuhi, tukaondoka. Masika alinipa pakiti ya sombe ya kumpelekea mke wangu, akaniambia nisirudi tena na kamio. Tulipanda polepole, ndizi zikigonga nyuma. Maboya nilivaa koti. Kabasha tulingoja saa mbili nzima lori lililokwama litolewe, na sikuweza kukaa ndani, nilitembea barabarani juu na chini. Mwili ulikuwa unapanda Butembo, na sikio lilibaki kule chini, linasikiliza kama kuna kitu.

Nilichojifunza nakisema kwa ufupi. Nimetengeneza bisi kumi na moja, na hata mara moja sikuwahi kumuuliza mtu analala namna gani. Sasa mteja akija namuuliza: unakaa wapi, nani ataingia ndani, na jua linakuja kwa upande gani. Wengine wanachoka na maswali, wanaenda. Waende.

Leo hii, nikiwa mzee, nina nyumba ya matofali yenye vyumba vinne Butembo. Nina kiwanja cha kazi. Nina mashine mbili za kuchomea, moja nzima na moja inayogoma mvua ikinyesha. Nina bisi tatu zilizokufa ambazo bado hazijapata mwenyewe. Nina ng'ombe wawili Lubero, suti mbili, Biblia, mke mmoja, na watoto sita walio hai. Bisi ya Mulekera haimo. Ile ni ya Masika.