Jina la Babu Aliye Hai

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo nikiikumbuka hata leo vidole vinanichangamka. Nilikuwa kijana, nimejifunza kuandika programu kwa kusoma peke yangu, nikifanya kazi na Mama Nafula katika chumba chake juu ya duka la mbegu, mjini Kakamega.

Mama Nafula alitunza maktaba, yaani ile programu ya chini ambayo programu nyingine huiomba huduma. Huduma moja ilikuwa kutaja saa. Kompyuta huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na maktaba yetu iliweka hesabu hiyo katika nafasi ya biti thelathini na mbili, yaani tarakimu thelathini na mbili za sifuri na moja. Nafasi hiyo itajaa Januari 2038, kisha hesabu itageuka na kudai kwamba ni 1901. Na maktaba hiyo ilikuwa ndani ya vipimajoto vya friji za chanjo, mojawapo katika zahanati ya Malinya. Muuguzi asipoweza kuamini tarehe na joto, chanjo za watoto humwagwa.

Nikaona dawa ni rahisi: nipanue nafasi iwe biti sitini na nne. Nikapanua, nikaiweka maktaba katika kipimajoto kimoja tulichokuwa nacho, nikakitia kwenye mkoba, nikavaa koti.

"Unaenda wapi, bwana harusi?" Mama Nafula akauliza.

"Malinya, Mama. Saa imepona."

"Umeijaribu na ile programu yao ya zamani?"

Programu hiyo, iliyosoma joto la friji na kuiomba maktaba yetu saa, iliandikwa na kampuni iliyokwisha kufungwa, na hakuna aliyekuwa na msimbo wake, yaani maandishi yake ya asili, ili kuirekebisha. Tukaiwasha. Jua lilikuwa limejaa mezani, nasi tunatoka jasho, lakini kioo cha kipimajoto kikasema: sifuri.

Tukainama pamoja kutafuta sababu, na tulipoipata nilitaka kucheza. Programu ya zamani ilikuwa imeitengea saa nafasi finyu, na joto imeliweka papo hapo kando yake. Maktaba yangu ikaandika namba pana; nusu ya juu ya namba hiyo, sifuri tupu, ikamwagikia kwa jirani na kulifunika joto.

"Kwenu mtoto hupewa jina la babu lini?" Mama Nafula akaniuliza.

"Babu akishafariki."

"Na huyu babu amefariki? Si Malinya wanamwita kila dakika? Wewe umempa mtoto jina lake, sasa babu akiitwa anaitika mtoto. Mwachie mzee jina lake. Mtoto mtafutie lingine."

Basi tukairudisha huduma ya zamani, jina lile lile, upana ule ule. Kando yake tukaweka mpya, pana, yenye jina lake, ili programu zitakazoandikwa baadaye ziite hiyo. Ya zamani tukaifunza neno moja tu: hesabu isipoenea, iseme haiwezi, isidanganye.

Kisha tukaisogeza saa ya kifaa hadi ukingoni mwa ile siku ya 2038. Nilishika meza. Sekunde zikafika, zikapita. Huduma mpya ikaendelea kuhesabu kama haijaona kitu. Ya zamani ikatamka kosa, na joto likabaki sahihi. Mama Nafula akapiga kigelegele hadi mwenye duka akapanda kuuliza nani anaoa.

"Babu na mjukuu wako wazima wote," akamjibu. Mwenye duka akashuka akitikisa kichwa, nami nikaondoka kwenda Malinya.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: utakapopewa kitu ambacho wengine wanakitegemea, panua, ongeza, furahia kazi. Lakini kwanza ujue nani bado anakiita kwa jina la zamani, na umjaribu yeye kabla ya kujisifu. Kipya kipe jina lake. Na pale usipoweza, sema huwezi.

Mungu akupe umri wa kuiandikia Malinya programu itakayoita huduma mpya, uione siku hiyo ya 2038 ikipita kimya, na muuguzi wa Malinya afungue friji yake asijue hata kwamba ulikuwepo.