Niliandika business plan ya mkopo wa franchise Goma, mama akagoma kwa sababu ya ubao wa baba

Wakuu, salaam kutoka Goma. Anayetafuta chai humu apite tu, sisi nyumbani tunauza maziwa.

Mama yangu ana kiduka mtaa wa Murara. Maziwa ya kutoka vijijini Masisi, mtindi, mikate. Siku hizi nakiendesha mimi, yeye anakaa kwenye kigoda mlangoni, anasalimia watu na kunirekebisha.

Mwaka jana kampuni moja ya maziwa ikaanza kutafuta watu wa franchise. Yaani duka ni lako, ila unauza kwa jina lao: friji zao, rangi zao, bei zao.

Niliitaka ile kitu mpaka naota friji. Kwetu umeme ukikatika asubuhi, jioni mtindi umepitiliza, tunamwaga. Wao walikuwa wanafunga friji pamoja na solar.

Hela ya kuingilia sikuwa nayo. Nikaenda ushirika wa akiba na mikopo. Wakasema leta business plan, na kiwanja kiwe dhamana.

Kiwanja ni cha mama. Bila yeye kusaini, hakuna mkopo.

Business plan nikadownload. Ilikuwa ya mtu wa nchi nyingine kabisa. Sehemu ya risks waliandika ukame na wizi wa ng'ombe. Nikafuta, nikaweka umeme na ushindani. Nikaona nimemaliza kazi.

Nikamsomea mama mkataba wa franchise. Alikuwa anaitikia vizuri tu, hadi tukafika kwenye kipengele cha matangazo: nje ya duka hakuna kibao kingine isipokuwa cha kampuni.

Akavua miwani. "Na ubao ya baba yako?"

Hapa niwaeleze kidogo. Nje ya duka kuna ubao, CHEZ MAMA NSIMIRE, yaani kwa Mama Nsimire. Marehemu baba aliuandika kwa mkono wake, herufi za mwisho zimebanana kwa sababu nafasi ilimwishia.

Nilipokuwa mtoto volkano ilitoka. Watu walikimbia na magodoro na masufuria. Baba yangu aling'oa ubao, akauweka kichwani. Mama alimsema njia nzima.

Tuliporudi, duka lilikuwa chini ya jiwe, lava iliyoganda. Mtaa wote mweusi, hujui kwenu ni wapi. Baba akausimamisha ubao juu ya jiwe lile, mama akaweka ndoo ya maziwa pembeni. Wateja wakafika. Kuta zilijengwa baadaye.

"Mi sitaweka mukono," mama akasema. "Wakitosha ile ubao, watoshe na mimi." Kwetu kutosha ni kuondoa.

Wakuu, niliumia. Na nilikasirika. Friji naiona inaondoka kwa sababu ya kipande cha mbao! Tukaishi kwa "habari ya asubuhi" na "chakula tayari", basi.

Nikapeleka plan ushirika hivyo hivyo. Dada wa mikopo akaisoma, akainua macho.

"Papa, uko Goma, unaandika risks. Volkano iko wapi?"

Nilicheka kijinga. Akanirudisha nyumbani nikaandike nitafanya nini ikitoka.

Dukani nikamkuta mtu wa kampuni ya maziwa amekuja kupima ukuta wa kuweka kibao chao. Mama alimpa kikombe cha maziwa, akamsubiri amalize kunywa.

"Papa, nikuulize. Volkano ikirudia, hii ubao ya kwenu nani ataibeba ku kichwa?"

Jamaa akacheka. Akaona anacheka peke yake. Akatoka nje kupiga simu, akaongea sana huku anaziangalia zile herufi zilizobanana.

Jibu likaja: nje kikae kibao cha kampuni, ila ndani, juu ya kaunta, ubao wa mzee unaruhusiwa.

Mama akainuka, akaenda kuupapasa ubao. Nikajua tumekwama.

"Ni sawa," akasema. "Lakini misumari mbili tu. Musigongelee sana. Siku ya kukimbia, niitoshe na mukono."

Nilienda nyuma ya duka nikalia. Kumbe siku zote hizo nilidhani anang'ang'ania ya zamani, na yeye ndiye peke yake aliyekuwa anapanga.

Kwenye risks nikaandika volkano. Nikaandika akiba itakayokaa mbali na duka. Chini yake nikaongeza: ubao umetundikwa kwa misumari miwili.

Dada aliisoma mbele ya kamati. Mzee mmoja akavua kofia: "Mimi nilikunywaka maziwa pale pale ku jiwe."

Mama akasaini. Mkopo ukatoka.

Nilichojifunza: template chukua, haina shida, ila hatari za kwenu hazimo mle. Kawaulize waliokwisha kukimbia.

Mliowahi kuingia franchise, jina lenu la zamani mlilipeleka wapi? Semeni, nawasoma.

Nikichelewa kujibu msinune. Mama ananiita na nyundo, anasema msumari mmoja nimeugongelea sana.