Jiwe Chini ya Pikapu

Mdogo wangu ameingia jikoni mikono yake ikinuka grisi na dizeli, nami nimeacha sufuria nikatazama miguu yake.

Siku moja nilipokuwa msichana mdogo, Baba alikuwa akiweka vyuma vya kuinua springi za pikapu yetu kuukuu, ili ivuke mafuriko ya njia ya Awasi. Mama tulikuwa tumeshamzika. Jeki ilikuwa moja tu, kwa hiyo upande wa pili aliuegemeza kwenye jiwe, juu ya udongo mweusi uliolowa mvua.

"Nyathina, mwanangu, usiangalie kuku, angalia jiwe," alisema akijiingiza chini ya gari. "Likisogea, piga kelele."

"Utatoka?"

"Mbio kuliko hao kuku wako."

Akaanza kugonga boliti iliyoshikwa na kutu. Kila alipogonga, udongo ulitoa maji. Kisha jiwe likazama, upana wa kidole. Nilifungua mdomo, sauti ikakataa. Nikashika miguu yake nikavuta, na wadogo zangu, wakidhani ni mchezo, wakanishika kiunoni wakavuta wakicheka.

Baba alijisukuma akatoka. Pikapu ikalala polepole, kama ng'ombe.

"Basi, mama, niachilie," alisema.

Sikuachilia.